Boksi la kuku, fotokadi au fulana: shabiki wa Tanga anunue kipi?

Mwezi uliopita aliingia dukani kwangu binti wa kidato cha tatu, bado na sare za shule, akaweka simu juu ya kaunta. "Shikamoo anti. Hebu nitazamie hivi, kipi bora?" Kwenye simu mlikuwa na picha mbili. Ya kwanza ilionyesha mfuko wa karatasi, boksi dogo la kuku na kikombe, vyote vitupu, vyote vya zambarau na nembo mbili, ya McDonald's, ile migahawa ya Marekani, na ya BTS, kundi la waimbaji saba wa Korea Kusini. Ya pili ilikuwa albamu ya BTS ambayo haijafunguliwa, imo ndani ya nailoni yake. Vyote viwili anaviuza mtu wa Dar: seti ya maboksi shilingi 40,000, albamu shilingi 55,000. Binti alikuwa na shilingi 60,000 alizodunduliza tangu Januari, kwa kutembea kwa miguu kutoka Makorora badala ya kupanda daladala.

Nina stesheneri Ngamiani. Nauza rimu, manila na madaftari, napiga fotokopi na leminesheni, na kwa miaka kadhaa sasa wapenzi wa K-pop, yaani muziki wa pop wa Korea Kusini, wamekuwa wateja wangu wa karibu. Aliyenifungulia mlango huo ni mpwa wangu, ambaye chumba chake sasa kinafanana na maktaba. Swali la binti yule nimeulizwa mara nyingi, na siku zote nimelijibu nimesimama, foleni ya fotokopi ikiwa nyuma yake. Leo nalijibu nimekaa.

Kwanza niseme jambo moja kwa wazazi. Kuna mzee mtaani kwetu ambaye bado anaitunza fulana aliyoivaa mwaka 1988, Coastal Union walipotwaa ubingwa wa Bara. Ameikunja ndani ya sanduku, na akiitoa watu wote barazani hunyamaza. Hakuna aliyewahi kumwambia anapoteza pesa. Binti anayetunza kadi yenye picha ya mwimbaji anafanya kitu kilekile, na anastahili ushauri wa maana, si kuchekwa.

Mgahawa na mwanamuziki walivyokutana

Migahawa ya vyakula vya haraka ya Marekani ilianza zamani kujifunga na wanamuziki. Mwaka 2000 Burger King waliuza CD za Backstreet Boys pamoja na mlo, na mwaka huohuo McDonald's wakatoa CD ya *NSYNC na Britney Spears. Mtu alikula baga, akarudi nyumbani na nyimbo.

Miaka ishirini baadaye mambo yakageuka. Septemba 2020 McDonald's walitoa mlo wa rapa Travis Scott kwa dola 6, na ndani yake hamkuwa na chakula kipya chochote: baga, chipsi na soda zilezile, ila kwa mpangilio anaoupenda yeye. Mei 2021 ukaja mlo wa BTS, ukauzwa karibu nchi 50: vipande kumi vya kuku, chipsi za wastani, Coca-Cola, na sosi mbili zilizotokana na mapishi ya migahawa yao ya Korea Kusini, moja ya pilipili tamu na nyingine ya Cajun, viungo vya kusini mwa Marekani. Muziki haukuwamo. Kilichokuwamo ni vifungashio vya zambarau, rangi ya BTS.

Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo. Shabiki wa mwaka 2000 alipewa kitu kilichotengenezwa ili kidumu. Shabiki wa 2021 alipewa kitu kilichotengenezwa ili kitupwe baada ya dakika ishirini, na yeye mwenyewe, kwa mapenzi yake, akaamua kisitupwe. Watu wakaosha vikombe, wakakausha maboksi, wakafuta mafuta kwa tishu. Indonesia, tarehe 9 Juni 2021, madereva wa pikipiki waliotumwa kufuata oda walijazana hadi migahawa zaidi ya kumi ya Jakarta ikafungwa kwa muda kwa sababu ya masharti ya korona. Mashabiki wa huko wakachangishana fedha kuwafidia madereva kwa kusota foleni. Nikiwatazama bodaboda wetu pale stendi, habari ile hunigusa.

Sisi Tanga mlo ule haukutufikia. McDonald's hawana mgahawa Tanzania. Barani Afrika wako nchi chache kama Afrika Kusini, Misri, Moroko na Morisi. Kwa hiyo boksi lolote la mlo wa BTS utakaloliona Tanga limetoka kwenye meza ya mtu mwingine, katika nchi nyingine. Sisemi hivyo kulidharau. Ila mtu aliyekula anapolishika boksi lake hukumbuka foleni, rafiki aliyekuwa naye, ladha ya ile sosi. Wewe unayelinunua hapa unanunua karatasi. Basi iangalie kama karatasi.

Karatasi ile ikifika pwani

Hapa nina ushahidi wangu mwenyewe. Mwaka 2022 nilimnunulia mpwa wangu seti nzima kutoka kwa msafiri aliyerudi Dar: mfuko, boksi, kikombe na vikopo viwili vya sosi vilivyooshwa. Furaha yake siwezi kuielezea. Akavipanga juu ya kabati, karibu na dirisha, ili avione akiamka.

Masika ya mwaka uliofuata ndiyo yaliyotufundisha. Aprili, mvua ikinyesha wiki nzima na shuka zikikataa kukauka, boksi lilianza kutoa harufu ya mafuta yaliyochina. Nikalichukua, nikalifungua mikunjo. Kwenye kona ya chini ndani, pale ambapo kuku walikuwa wamekaa, palikuwa na vidoa vya kijivu vyenye manyoya madogo, ukungu ule unaouona kwenye mkate uliosahauliwa. Pembeni ya vidoa mlikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya mchele, kingo zake zimetafunwa taratibu. Mende. Wao hufuata mafuta na gundi, na boksi la chakula lina vyote viwili. Upande uliotazama dirisha, zambarau ilikuwa imefifia ikawa kama maua ya mjakaranda yaliyokauka.

Mpwa wangu alilia. Mimi nikaanza kuuliza maswali ambayo muuza karatasi alipaswa kuyauliza tangu mwanzo.

Vifungashio vingi vya chakula huwa na utando mwembamba wa plastiki au kemikali ya kuzuia mafuta yasipenye. Utando huzuia kwa muda wa mlo, hauzuii kwa miaka. Mafuta yakishaingia kwenye mikunjo hayatoki, na kuosha kwa maji kunalegeza karatasi na kufungua gundi. Wengi huniletea wakisema, "Anti, nipigie leminesheni." Huwa nakataa. Mashine yangu hupasha joto zaidi ya nyuzi 100. Utando wa plastiki hulainika, mafuta yaliyojificha hutoka yakafanya mapovu, na ukishafunga hufungui tena. Nimeharibu mfuko wa mteja mmoja kwa njia hiyo, nikamlipa, na sirudii.

Ukitaka kununua vifungashio, basi, tafuta vile ambavyo havikuwahi kubeba chakula. Vipo: mifuko iliyobaki, maboksi ambayo bado ni bapa, hayajakunjwa. Mwambie muuzaji apige picha ya ndani, si ya nje tu, na picha ya kona za chini. Ikiwa ndani kuna kivuli cha rangi ya chai, ni mafuta. Ukishakipata, kifungue kikae bapa, kiingize kwenye faili la plastiki pamoja na vile vipakiti vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja na maboksi ya viatu, kikae gizani. Kikombe sikushauri. Hakikunjiki, kinachukua nafasi, na kwa kawaida ndicho kinachoanza kuachia kwenye mshono.

Fotokadi ni jambo jingine kabisa

Fotokadi ni kadi ndogo yenye picha ya msanii, milimita 55 kwa 85, karibu sawa na kadi ya benki. Mashabiki hutaja albamu ya Girls' Generation ya mwaka 2010 kuwa ndiyo iliyoanzisha desturi hii Korea, na tangu hapo karibu kila kundi huweka kadi ndani ya albamu. Tofauti yake na boksi la kuku iko wazi: kadi haikuwahi kuwa na kazi nyingine. Ilichapwa ili itunzwe. Haina mafuta, haina mikunjo, haimvutii mende, na kadi 200 zinaingia ndani ya faili moja chini ya mto.

Tatizo lake ni bahati nasibu. Hujui ni nani atakayetoka. BTS wako saba: RM, Jin, Suga, J-Hope, Jimin, V na Jungkook. Albamu moja ikitoa kadi moja, na kampuni ikiwa imegawa sawasawa, nafasi ya kumpata umpendaye ni 1 kati ya 7. Wengi hufikiri wakinunua albamu saba watampata tu. Hapana. Nilimpigia mpwa wangu hesabu hii mgongoni mwa fotokopi iliyoharibika: ukinunua saba, bado kuna nafasi kama 1 kati ya 3 kwamba hatatokea hata mara moja. Na anayetaka kuwapata wote saba kwa kununua tu atahitaji, kwa wastani, albamu 18. Kumi na nane! Kwa bei ya binti wa Makorora, karibu shilingi milioni moja. Alikaa kimya, akaikunja ile karatasi, akaiweka ndani ya pochi. Bado anayo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa fotokadi ni huu, na ninausisitiza: nunua albamu moja tu, kwa ajili ya muziki, kitabu cha picha na raha ya kufungua. Kadi unayoitaka itafute kwa kubadilishana. Hapa Tanga tunabadilishana Jumamosi jioni barazani kwangu, na wanakuja mabinti wa Chumbageni, Duga, hadi Pongwe, wavulana nao wachache. Huhitaji kulipa kitu. Unakuja na usiyemtaka, unaondoka na unayemtaka, ukiwa na subira ya wiki mbili tatu.

Kuagiza moja kwa moja kutoka nje kuna gharama ambazo picha ya simu haikuonyeshi. Albamu ikiandikwa dola 20, hiyo ni bei ya dukani kwao. Ongeza usafirishaji, ambao kwa kitu kizito kama albamu unaweza kuikaribia bei yenyewe. Kisha TRA hutoza VAT ya asilimia 18, na hawaihesabu juu ya bei ya albamu peke yake bali juu ya bei pamoja na usafiri na ushuru wa forodha. Ndiyo maana watu huagiza kwa kundi: mmoja wa Dar anapokea mzigo, anaugawa, sehemu yetu inapanda basi kuja Tanga. Njia hii ni nzuri mkifahamiana. Mimi nimewahi kutuma pesa kwa simu kwa mtu niliyemwona mtandaoni tu, na mpaka leo albamu haijafika. Sasa nalipa nusu, nusu nyingine mzigo ukishakuwa mkononi mwa konda.

Halafu kuna bandia. Mitaani zinauzwa kadi nyingi katika vijiboksi, hamsini na zaidi kwa bei ya kadi moja halisi. Sizipigi vita, mtoto wa darasa la nne anayetaka kupamba daftari zinamtosha kabisa, mradi aliyemuuzia asimwambie kuwa ni za albamu. Ubaya ni pale moja inapochomolewa ikauzwa shilingi 15,000 kama halisi.

Namna ya kuzitambua: chukua kioo cha kukuzia, tazama maandishi madogo mgongoni mwa kadi. Kwenye kadi halisi herufi nyeusi ni nyeusi moja kwa moja, ukingo wake umekatika safi. Kwenye kadi iliyopigwa skani na kuchapwa upya, herufi hizo zimejengwa na vidoa vya rangi mbalimbali, buluu, waridi, njano, na ukingo umechakaa kama uzi uliofumuka. Macho matupu hayaoni, kioo kinaona. Tazama pia kona. Za kiwandani zina mviringo mmoja unaofanana kote nne. Zilizokatwa kwa mkono au kwa mashine butu, kona moja huwa mkaidi. Kioo changu kimefungwa kwa kamba kwenye kaunta na yeyote anaruhusiwa kukitumia bila kununua kitu.

Na jinsi ya kuzitunza, hapa watu hukosea wakidhani wamemaliza. Vifuko vya plastiki viko vya aina mbili kuu. Vile laini vyenye harufu kali ya plastiki mpya, vinavyonata ukivigusa mchana wa joto, vingi ni PVC. Kwenye joto la Tanga hutoa jasho, hung'ang'ania wino, na siku ukivuta kadi uso wa msanii unabaki kwenye plastiki. Vinavyofaa ni vya polipropilini, vyepesi zaidi, vyenye mlio wa kuchakacha. Kama huna uhakika, kata kipande kidogo ukitumbukize kwenye glasi ya maji: polipropilini huelea, PVC huzama. Nimefanya jaribio hili mbele ya wateja, na watoto hulipenda kuliko mchezo wowote. Ukishaiingiza kadi kwenye kifuko laini, iingize tena kwenye kifuko kigumu, iweke mbali na dirisha.

Vinyago

Kwa vinyago sina maneno mengi. Mwaka 2025 McDonald's Marekani waliweka kwenye Happy Meal, mlo wao wa watoto, vinyago vya TinyTAN, wahusika wa katuni wanaowakilisha wale saba wa BTS. Plastiki haiogopi masika wala mende. Jua peke yake ndilo adui yake. Vikioshwa kwa sabuni vinarudi kama vipya. Kwa mtoto mdogo, au kwa mtu ambaye nyumba yake inavuja, kinyago kinalishinda boksi na kadi kwa uimara. Lakini havikuuzwa huku, kwa hiyo tatizo la bei ya mtu wa pili liko palepale, na mchezo wa bahati nasibu ni uleule. Usimpe mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Fulana, na sanduku la bibi yangu

Fulana ni chaguo la mtu anayetaka kuonekana. Kadi unaitazama wewe. Fulana wanaitazama wenzako. Tanga una njia mbili za kuipata.

Ya kwanza ni mitumba, na wengi huidharau. Belo likifunguliwa asubuhi Ngamiani, ndani yake mnaweza kuwa na fulana ya tamasha iliyovaliwa Marekani au Ulaya, imechoka kidogo shingoni, shilingi 5,000. Geuza mgongo: fulana nyingi za ziara huwa na orodha ya miji na tarehe. Kisha soma lebo ya shingoni na uone kama maandishi yamechapwa ndani ya nyuzi au yamebandikwa juu. Fulana kama hiyo imehudhuria onyesho lenyewe. Ukiniuliza mimi, ina uzito kuliko boksi lolote, na bei yake ni ya chakula cha mchana.

Ya pili ni kuchapisha hapa. Watu hawaelewi kwa nini fulana waliyochapisha imefutika baada ya kufuliwa mara tano, wakati ya rafiki yao bado inang'aa. Sababu ni kitambaa. Uchapaji wa sablimesheni, ule unaoingia ndani ya uzi, hushika polista peke yake, na iwe nyeupe au ya rangi hafifu. Kwenye pamba hauna pa kushika. Pamba inahitaji picha ya kubandikwa kwa joto, nayo ifuliwe ikiwa imegeuzwa ndani nje, isipigwe pasi juu ya picha. Lakini polista kwenye jua la saa saba la Tanga ni adhabu. Chagua unachoweza kuvumilia.

Mimi sichapi nembo za makundi kwenye fulana za kuuza. Ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na hata isingekuwapo, picha ya mtu ni jasho la mtu. Ninachochapa kwa moyo mweupe ni michoro ya mashabiki wenyewe. Binti mmoja wa Raskazone alichora tembo saba wakivuka mto, kila mmoja na tabia ya mwimbaji mmoja, na fulana ile wenzake waliigombania kuliko yoyote iliyoletwa.

Nilipokuwa mdogo bibi yangu alikuwa na sanduku la mbao ambalo ndani yake alitunza kanga za sare alizovaa kwenye taarabu. Mji huu ulikuwa na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na sauti zao zilisikika redioni pwani nzima. Kila kundi la wanawake lilikuwa na sare yake, doti kwa doti, jina moja. Bibi alitandika karafuu katikati ya mikunjo ili nondo wasiingie, na kila baada ya masika alizianika kivulini, si juani. Ukizishika leo bado zinanukia, na rangi haijahama. Hakuwahi kusoma mahali popote kuhusu uhifadhi. Alijua kwamba kitu ukikipenda unakipa hewa, kivuli na harufu ambayo wadudu hawaitaki. Karafuu naziweka hadi leo kwenye boksi la fulana za mpwa wangu, kwenye kitambaa, zisiguse nguo moja kwa moja maana mafuta yake huacha doa.

Mlo wetu wenyewe

Wapo watakaoniambia: anti, sisi hatutaki kadi, tunataka ule mlo. Nawaelewa. Kula pamoja jina la wimbo likiwa mdomoni ni furaha ambayo fotokadi haitoi.

Basi mabinti wa barazani kwangu walifanya lao. Tarehe 13 Juni ni siku BTS walipoanza rasmi, mwaka 2013, na mashabiki duniani kote huisherehekea. Wakazungumza na kaka mwenye kibanda cha chipsi jirani yangu, wakakubaliana: vipande kumi vya kuku bila mfupa, vimechovywa kwenye unga na kukaangwa, chipsi, soda ya chupa, na sosi mbili. Sosi ya pilipili tamu aliipika mama wa mmoja wao kwa pilipili, sukari, siki na kitunguu saumu. Ya pili waliitengeneza kwa haradali na binzari wakaiongeza ukwaju, kwa sababu ni Tanga. Kila mmoja alichanga shilingi 8,000.

Maboksi niliyatengeneza mimi. Manila za zambarau, nikazikata kwa mashine ya kukatia karatasi, nikazikunja bila gundi kwa kuingiza ulimi kwenye mkato. Hakuna nembo ya mtu juu yake. Tarehe tu, jina la mtaa na jina la mwenye boksi kwa mwandiko wake. Nikamfanyia kila mmoja mawili: moja la kulia, moja la kubaki bapa. Jambo hili tulilijifunza kwa machozi ya mpwa wangu. La kwanza lilijaa mafuta, likaenda jalalani likiwa limemaliza kazi yake. La pili halijaona kuku. Liko kwenye faili la kila binti, safi, na ukimwuliza atakuambia nani alikaa kushoto kwake na nani alimwaga soda.

Kati ya vyote nilivyovitaja, boksi la manila ndilo rahisi kuliko yote na ndilo ambalo sijawahi kumwona mtu akitaka kuliuza. Kwa shabiki mwenye shilingi 10,000 na marafiki watano, sina ushauri bora zaidi ya huu.

Binti wa Makorora

Lakini yeye alikuwa na 60,000 na alitaka kitu cha kumiliki. Nilimwambia achukue albamu. Boksi la Dar lilikuwa limeshabeba kuku; tulipomwomba muuzaji picha ya ndani, kona za chini zilikuwa na kile kivuli cha chai. Alisita. "Lakini anti, mlo ule niliuona kwenye simu ya kaka nikiwa bado shule ya msingi. Nikajiambia siku moja." Sikumharakisha. Nikamtolea boksi la mpwa wangu, lile lenye tundu, nikamwachia alishike na alinuse. Baada ya dakika chache akanirudishia akasema atatuma pesa ya albamu.

Ilifika kwa basi la jioni, Alhamisi. Aliifungulia hapahapa kaunta, kwa kucha, polepole, nailoni asiichane. Alikuwa anamwombea Suga. Akatoka Jin. Aliitazama kadi kwa muda, akaigeuza mgongo, akaigeuza tena, kisha akacheka: "Basi naye ni mzuri." Shilingi 5,000 iliyobaki ilitosha kifuko laini, kifuko kigumu na nauli, siku hiyo alirudi Makorora kwa daladala, albamu mapajani.

Jumamosi ya pili alikuja barazani. Binti wa Chumbageni alikuwa na Suga wa albamu hiyohiyo, na amemtafuta Jin tangu mwaka jana. Hawakuwa wakifahamiana. Waliinamia kioo cha kukuzia, vichwa vikigusana, wakakagua herufi za mgongoni na kona zote nne za kila kadi, ndipo wakapeana.